Shahidi wa Bondeni

"Muulize tena," Mkurugenzi alisema.

Nilimuuliza tena. Sikupenda, lakini anayekula mshahara wa watu hana ubishi mwingi. Nilizungusha gurudumu la miaka mpaka likapita uzinduzi wa mradi, likaendelea mbele hadi enzi ambayo mimi mwenyewe huenda nimeshazikwa, na katika kioo kilichofunika ukuta mzima akatokea Bi. Tasiana Kikoti. Si huyu wa leo mwenye goti moja bovu. Huyu alikuwa bibi kizee wa magoti mawili mabovu, ameketi uani kwake mbele ya cherehani ile ile. Juu ya kichwa chake vibanda vya Njia ya Waya vilipita kimoja baada ya kingine, vyeupe, bila kelele, bila moshi.

"Shikamoo, Bi. Tasiana. Mradi umekusaidiaje?"

"Marahaba, mtumwa wangu. Umenipa kivuli. Kibanda kikipita, jua linakatika kidogo."

"Huwa unapanda?"

"Nipandie wapi? Kituo kimoja kiko Sokoni, kingine kiko Kilimani. Hapa kwetu mmeleta nguzo. Nikienda hospitali napanda mlima kwa miguu, wenzangu wanapita huko juu wanakula karanga na maganda wanatumwagia sisi."

Mkurugenzi Obadia Sanga alizima kioo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sheria hairuhusu, kisha akakaa. Ni mtu mwembamba, msafi, ambaye hukunja karatasi za peremende zikawa vipande vidogo kabla ya kuzitupa. Siku hiyo alikuwa amekunja nyingi.

"Kesho Bi. Seewoo, msaili wa Mfuko wa Hewa, anakuja kumsaili," alisema. "Akisikia hayo maganda ya karanga, tumekwisha."

Alikuwa sahihi. Mfuko wa Hewa, unaokopesha miji fedha za kupunguza moshi, ulikuwa umeshachoka kusoma ripoti. Miji mingi sana iliandika ripoti nzuri, ikakopa, ikajenga mambo ya ajabu. Kwa hiyo siku hizi Mfuko hautaki karatasi, unataka shahidi. Mkazi mmoja aliye hai anavaa kinasa kwa miaka miwili, anaishi maisha yake, anagombana, anasali, anahesabu chenji. Mtambo unayachukua yote hayo na kumtengenezea pacha. Pacha anawekwa ndani ya mji kama ulivyochorwa kwenye ramani za mradi, na miaka inazungushwa. Anazeeka humo. Kisha msaili anakuja kumuuliza swali moja kwa njia mia: maisha yako yamekuwaje? Pacha mwenyewe anajua kuwa yeye ni pacha. Hilo ni sharti, wanasema ni la ubinadamu. Ukimgusa, ukimfuta neno au ukampachika neno, alama inabaki na jiji linapigwa marufuku kukopa.

"Siwezi kumgusa," nilisema.

"Nani kakwambia umguse pacha?" Mkurugenzi aliegemea mezani. "Kinywa cha mtambo kinafungwa leo saa sita mchana. Mpaka hapo kinasa cha Bi. Tasiana bado kinapokea. Shuka Bondeni. Mwambie kituo chake kipo, kitajengwa awamu ya pili."

"Awamu ya pili ipo?"

"Awamu ya pili ipo siku zote, Mhandisi."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake. Hakuwa anatania.

"Akiamini yeye, pacha naye ataamini," aliendelea. "Atakaa chini ya nguzo miaka yote hiyo akisubiri kituo, na mtu anayesubiri huwa hana maneno mabaya. Na wewe ndiye pekee unayeweza kumwambia akakubali. Mtambo unadhani mnachukiana."

Hapo ndipo aliponishika pabaya. Mimi ni Alkwin Mbawala, Mngoni. Bi. Tasiana ni Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, nasi wajukuu tukarithi utani. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake hadharani, akakunyang'anya kuku wako na kumla, nawe huna pa kushtaki. Kanuni za Mfuko zinasema mwandalizi wa shahidi, ambaye ni mimi, asiwe ndugu wala rafiki yake, na ili kuhakikisha hilo mtambo husikiliza mazungumzo yao yote. Wetu ulisikiliza ukakuta naitwa mtumwa, mwizi wa ng'ombe na mtoto wa wakimbiaji, nami najibu vibaya zaidi. Ukatoa cheti: *Ukaribu: hakuna. Uhasama: wa wastani.* Ofisi nzima ilicheka siku hiyo, wakanifanyia hata chai. Hakuna aliyesahihisha, na mimi nikiwemo.

"Kwa nini tusiwape tu kituo?" niliuliza, ingawa hesabu nilizifanya mimi mwenyewe.

"Unajua kwa nini." Sauti yake ilishuka. "Mfuko unalipia moshi ambao hautatoka. Watu wa Kilimani wana magari; ukimpandisha mmoja kwenye kibanda umeokoa moshi. Watu wa Bondeni wanatembea. Ukimbeba mtembea kwa miguu umeokoa nini? Weka kituo pale, gharama inapanda na moshi uliookolewa unabaki ule ule. Tunashuka daraja, riba inapaa." Alikunja karatasi nyingine. "Binti yangu analala na kipulizio cha pumu mkononi, kaka. Darasani kwao nusu ya watoto wanavyo. Jiji zima la Nyalumbe linakohoa kwa malori haya ya mitumba. Uongo mmoja mdogo kwa mama mmoja. Nenda."

Nilikwenda.

*

Bondeni unafika kwa kushuka ngazi za udongo zilizoshikiliwa na matairi ya zamani. Kushuka ni rahisi. Nilishuka nikijipa moyo kwamba watoto wenye vipulizio ni wengi kuliko watu wanaopanda mlima, na kwamba hesabu ni hesabu. Nilipopita kwenye kona ya tatu nilijizuia kuitazama. Pale ndipo Lukresia, binti wa kwanza wa Bi. Tasiana, alipokata roho msimu wa mvua, amebebwa na wanaume wanne juu ya kitanda, uchungu umembana, hospitali inaonekana kabisa kule juu na taa zake.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe wa wizi?" sauti ilitoka uani kabla sijabisha hodi.

"Ni mwenye ng'ombe," nilijibu. "Nimekuja kuhesabu watumwa wangu."

"Hesabu kwa vidole vya miguu. Vya mikono bado vina ugali wa watu."

Alikuwa anashona sketi za shule, rundo la bluu limemzunguka. Kwenye ukosi wa blauzi yake kinasa kiliwaka kitaa chake cha kijani, kidogo kuliko kifungo. Alinisogezea sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni, akaniambia nisile vyote kama kawaida ya kabila langu. Nilikula kimoja.

"Mbona leo hunitukani?" aliuliza. "Unaumwa?"

"Nimekuja kwa habari ya kituo."

Mashine ya kushonea ilisimama. Kwa miaka miwili mwanamke huyu amekuwa akizungumza juu ya kituo cha Bondeni mpaka mimi naweza kukichora nikiwa nimefumba macho: mlango uelekee wapi, benchi la wajawazito likae upande gani, na kwamba kibanda cha kwanza asubuhi kisiondoke tupu wakati kuna mgonjwa njiani. Mchoro wa kwanza, ule tuliomwonyesha siku anavishwa kinasa, ulikuwa na kituo. Tulipokifuta hatukumwambia, maana kanuni hazikututaka tumwambie.

"Kuna awamu ya pili," nilianza. "Katika awamu ya pili..."

Akatabasamu. Katika miaka yote ya kutaniana sikuwa nimeuona uso huo, mtupu, usio na mzaha ndani yake. Alionekana msichana. Nikaona aibu.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa na sheria chache. Mtani mtukane, alisema, mpake majivu, mle kuku wake. Ila usimdanganye, maana siku ya kufa kwako ndiye atakayekuchimbia kaburi, na mtu wa namna hiyo haifai kumwacha na kinyongo.

"Hakuna," nilisema. "Hakuna awamu ya pili. Nimetumwa nikudanganye. Kituo kilifutwa mwaka jana. Hapa itakuja nguzo, itasimama papo hapo ulipoanika hizo sketi, na vibanda vitapita juu."

Jirani alikuwa anatwanga kitu kwenye kinu na kila pigo nililisikia kifuani.

"Kwa nini?" aliuliza mwishowe.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaeleza madiwani: kwamba wenye pesa wanalipia moshi usiotoka, na kwamba mtu anayetembea hana moshi wa kuokoa.

"Kwa hiyo kosa letu ni kutochafua."

"Ndiyo."

"Tungenunua malori, tukayawasha usiku na mchana hapa?"

"Mngepata kituo."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa sketi ya mtoto wa watu, na kicheko hicho sikukipenda hata kidogo. Kisha akakishika kile kinasa kwa vidole viwili.

"Hiki kinasikia sasa hivi?"

"Kinasikia."

"Vizuri. Hebu niambie, huo usaili unakwishaje?"

"Shahidi akisema, 'Nimemaliza.' Msaili hana ruhusa ya kufunga kabla ya hapo."

"Na asiposema?"

"Kila mtu husema. Nani anapenda kusailiwa?"

"Haya," alisema, akakanyaga cherehani. "Ondoka uani kwangu, unaninukisha. Viazi beba."

Nilikuwa kwenye ngazi nilipoona kwenye saa yangu ya kazini ujumbe kwamba kinywa cha mtambo kimefungwa. Mkurugenzi alinisubiri mlangoni mwa ofisi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akapokeaje?"

"Alicheka."

Alinipiga bega kwa furaha. Nilimwacha afurahi. Huo nao ni uongo, najua, lakini sikuwa na nguvu ya kusema kweli mara mbili kwa siku moja.

*

Bi. Seewoo alitoka Morisi na Kiswahili chake alijifunza darasani, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko chetu sote. Alitusalimu kila mmoja kwa jina, akaomba maji ya moto matupu, akasoma masharti kwa sauti. Mwandalizi hatasema neno mpaka usaili ufungwe. Shahidi atapelekwa mwaka kwa mwaka, kuanzia ujenzi. Shahidi akiharibika, yaani akifanya jambo ambalo mtambo haulielewi, atafutwa na mahali pake ataitwa shahidi wa akiba. Wa akiba wetu alikuwa pacha wa mwalimu mstaafu wa Kilimani, mtu mwenye bustani, ambaye kwenye mazoezi yote aliisifu Njia ya Waya mpaka ikachosha.

"Tuanze," alisema Bi. Seewoo, akashika gurudumu.

Kioo kiliwaka. Tulikuwa mwaka wa ujenzi. Uani kwa Bi. Tasiana sketi zilikuwa zimeanuliwa na mahali pake kulikuwa na shimo la nguzo, refu, la mraba, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Pacha alikuwa amesimama ukingoni akilitazama.

"Habari za asubuhi, Bi. Tasiana. Mimi naitwa Seewoo. Ningependa kujua unaonaje ujenzi huu."

"Karibu, mwanangu. Samahani, leo sina maneno. Nina kazi."

Akavua kandambili. Akashika ukingo kwa mkono mmoja, akashusha mguu mzima kwanza na ule wa goti bovu baadaye, akateremka shimoni polepole huku akiguna. Kisha akalala chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

Bi. Seewoo alisubiri. Akazungusha gurudumu. Halikusogea. Akazungusha tena kwa nguvu. Mtambo umefungwa kwa sheria moja ambayo hakuna anayeweza kuitengua, kwamba hauwezi kujenga juu ya mtu, na kama nguzo haisimami basi waya haupiti, na kama waya haupiti hakuna mwaka wa pili. Kesho yote ya jiji letu ilikuwa imekwama juu ya tumbo la fundi cherehani.

"Bi. Tasiana, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Na sitoki mpaka nilipwe. Mwambieni yule mtumwa wangu, najua yumo humo, anapumua."

Bi. Seewoo alitazama karatasi ya cheti iliyokuwa mbele yake, akanitazama mimi, uso wake ukawa mgumu. Nilijua anachosoma. Uhasama wa wastani. Chini ya kioo maandishi yalitokea: *Tabia isiyoeleweka. Shahidi ameharibika. Kufuta?*

Mkurugenzi aliinama sikioni kwangu. Pumzi yake ilinukia peremende.

"Nyamaza, kaka," alinong'ona. "Usiseme neno. Amejiharibu mwenyewe, hatujamgusa. Wakimfuta, mwalimu yuko tayari. Leo hii hii tunasaini. Tafadhali. Nakuomba kama mzazi."

Na kweli nilinyamaza. Sitajifanya shujaa. Nilimwona akilini binti yake, namfahamu, huja ofisini siku za Ijumaa na huchora magari bila moshi pembezoni mwa ramani zetu. Nikanyamaza, na ukimya wangu ungetosha kabisa: msaili angebonyeza, mwalimu wa bustani angesifu, magari yangebaki nyumbani, watoto wangepumua. Bondeni wangepanda mlima kama walivyozoea. Mimi ningepandishwa cheo. Kilichonishinda ni kitu kidogo. Katika lile shimo pacha alifumbua jicho moja, akatazama juu kama mtu anayeangalia mvua imefika wapi, akafumba tena. Alikuwa ananingojea. Aliniamini kwamba nitajua la kufanya, kwa sababu kila mtani analijua.

"Hajaharibika," nilisema.

Mkurugenzi alifumba macho.

"Mwandalizi haruhusiwi kusema," alisema Bi. Seewoo.

"Najua. Hajaharibika, mama. Amelala kaburini."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akakiondoa. "Fafanua."

"Kwetu mtu akifa, watani wa wafiwa huja msibani. Mtani anaweza kuingia kaburini kabla ya jeneza, akalala, na mazishi yakasimama. Hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Hakuna anayemtoa kwa nguvu, wala hakuna anayekasirika. Akishalipwa anatoka mwenyewe na mazishi yanaendelea. Huyu mama anasema jiji limekuja kuzika kitu uani kwake, na halitazika bure."

"Na anayepaswa kulipa ni nani?"

"Mfiwa. Jiji."

Alinitazama, na niliona anapanga hatua inayofuata akilini. Watu wenye Kiswahili safi huwa hawana haraka.

"Na wewe kwake ni nani?"

"Mtani."

"Cheti kinasema adui."

"Mtambo haukuelewa."

"Wewe ulielewa?"

"Nilielewa. Ofisi nzima ilielewa. Hakuna mtu hapa duniani, nje ya watoto wake, ambaye yuko karibu naye kuliko mimi."

Bi. Seewoo aliandika jambo fupi. "Basi cheti ni batili," alisema, wala hakusema kwa hasira. "Mwandalizi ataondolewa kazini. Shahidi huyu atafutwa mwisho wa usaili, na jiji litaandaa mwingine pamoja na mwandalizi mwingine kwa dirisha la maombi la mwakani. Mkopo hautasainiwa leo."

Sauti iliyomtoka Mkurugenzi haikuwa neno.

"Lakini usaili wenyewe uko wazi," aliendelea, "na dai lililotolewa ndani ya usaili lazima lijibiwe kabla haujafungwa. Jibu likitolewa linaingia kwenye ramani na halifutiki, hata kwa shahidi mwingine. Bwana Sanga, mnamlipa au hamlipi?"

Obadia Sanga alisimama. Nilidhani ataondoka. Badala yake alikisogelea kioo mpaka akawa karibu kuligusa lile shimo kwa viatu vyake.

"Bi. Tasiana," alisema. "Unataka nini?"

"Kituo."

"Kituo hakiokoi moshi, mama. Jiji litalipa riba kubwa kwa miaka mingi. Watoto wanaokohoa..."

"Lukresia hakufa kwa moshi."

Mkurugenzi alinigeukia. "Lukresia ni nani?"

Miaka miwili ya sauti ya mwanamke huyu ilikuwa imehifadhiwa orofa moja chini ya ofisi yake.

"Binti yake," nilisema. "Alifia kwenye kona ya tatu akipelekwa kujifungua. Mtoto pia. Hospitali walikuwa wanaiona."

Alibaki amesimama pale, ametupa mgongo. Sijui aliwaza nini. Yeye ni mtu wa hesabu na nadhani alikuwa anajaribu kumweka Lukresia kwenye safu fulani na haipati. Hatimaye aliomba kalamu ya ramani. Akachora mraba mdogo kando ya shimo, akaandika ndani yake *Kituo cha Bondeni*, akasaini kwa jina lake kamili. Pembeni mwa kioo tarakimu zilibadilika papo hapo: daraja likashuka, riba ikapanda. Alizisoma zote mpaka mwisho.

"Mwaka mmoja, Mhandisi," aliniambia bila kunitazama. "Mwaka mzima mwingine wa kipulizio. Huo ni wako. Uubebe." Akatoka, na mlango aliufunga taratibu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angeubamiza.

Uani kwa Bi. Tasiana mraba ulikuwa unakua. Nguzo fupi, paa, benchi refu la mbao. Pacha alisikia, akafumbua macho. Alijiinua kwa kiwiko, akashika ukingo, akapanda kutoka shimoni kwa tabu ile ile aliyoingilia, akajikung'uta udongo. Akakaa kwenye benchi. Akalijaribu kwa kujisukumasukuma, kama linayumba.

"Nimelipwa," alisema. "Nimemaliza."

Bi. Seewoo aligonga meza mara moja. Usaili ulikuwa umefungwa. Kisha akanisogezea kile kitufe, na kwa mara ya kwanza aliinamisha macho.

"Sheria inataka mkono wa mwandalizi. Pole."

Nilisogea mbele ya kioo. Pacha alinitazama akiwa ameketi kwenye benchi lake, na hakuna aliyehitaji kumweleza chochote. Bi. Seewoo alipotoa uamuzi wake, naye alikuwa anasikia. Nilitafuta tusi la kumwambia. Nina matusi mengi, nimerithi kwa babu. Sikupata hata moja.

"Wewe naye," alisema. "Umesimama kama nguzo. Kituo nimeshakikalia, kinatosha. Ukamwambie huyo mwenzangu aliye hai asikubali mlango uelekee barabarani, mvua itaingia. Haya, mtumwa wangu. Zika."

Nikabonyeza. Benchi lilibaki, yeye akaondoka.

Kazi ya mtani msibani ni kuchekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mimi nilijaribu. Nilifungua kinywa ili niige ile sauti yake, ile ya kuniuliza kama naumwa, na kilichotoka kilikuwa kilio, mbele ya mgeni, mkono wangu ukiwa bado juu ya kitufe. Bi. Seewoo alimwaga maji yake ya moto kwenye chungu cha maua, akanijazia bilauri ya maji ya baridi, akakaa nami mpaka nikaweza kusimama na kuanza kuteremka Bondeni kumwambia Bi. Tasiana kwamba amefariki, na kwamba alilipwa.